Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maadili ya kazi kwa wauguzi wasimamizi wa Nairobi

Majibu haya ni ya muuguzi ambaye juzi alikuwa anashika zamu kama wenzake, na leo amekabidhiwa rosta, funguo za kabati la dawa na kiti kwenye kikao cha wakuu wa idara. Kozi za uongozi zitamfundisha bajeti na fomu. Hazimwambii afanye nini jamaa wa mgonjwa anapomsubiri koridoni na bahasha. Sheria zinazotajwa ni za Kenya. Maoni ni yangu, na si kila matroni wa jiji hili atakubaliana nayo.

Maadili ya msimamizi yana tofauti gani na ya muuguzi mwingine yeyote?

Leseni ni ileile ya Baraza la Wauguzi la Kenya, na wajibu kwa mgonjwa ni uleule. Kinachobadilika ni wingi wa watu wanaokuvuta. Muuguzi ana mgonjwa mbele yake. Wewe una mgonjwa, una muuguzi aliyechoka, una daktari mwenye haraka, una ofisi ya fedha, una familia mlangoni. Na mara nyingi unatakiwa uamue mambo ambayo pesa zake hazipiti mikononi mwako.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanaupokea uamuzi wa mkubwa kana kwamba ni wao, kisha wanaushusha mabegani mwa muuguzi mdogo kuliko wote. Msimamo wangu, na utauona ukijirudia, ni kwamba uamuzi usio wako unapaswa kurudishwa kwa mwenyewe, mapema na kwa maandishi.

Usiku nina wauguzi wawili na wagonjwa arobaini. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza huwa wanataka kusikia kwamba haliwezekani. Kweli haliwezekani, lakini wagonjwa wako pale na usiku lazima upite.

Anza na kujua nani ni nani. Katika wagonjwa arobaini, pengine sita wanaweza kubadilika vibaya kabla ya alfajiri: aliyetoka upasuaji jioni, mwenye oksijeni, mama anayevuja damu, mwenye sukari inayoyumba. Waweke karibu na dawati la wauguzi hata kama itabidi vitanda visukumwe saa mbili usiku na watu walalamike. Amua waziwazi ni kazi gani haitafanyika usiku huo, na useme wewe, si muuguzi wa zamu. Kubadilisha shuka za asubuhi kunaweza kusubiri. Kumgeuza mgonjwa asiyejiweza hakuwezi.

Kisha mpigie msimamizi wa usiku wa hospitali, na uandike kwenye kitabu cha ripoti: saa, idadi ya wagonjwa, idadi ya wauguzi, uliomba nini, ulijibiwa nini. Wengine wanaona kuandika hivyo ni kumchongea mkubwa. Mimi naona ni kumkabidhi mkubwa mzigo wake. Likitokea la kutokea, bila maandishi hayo watakaoitwa kujieleza ni wale wawili waliokuwa wanakimbia usiku kucha.

Na kuna jambo ambalo usilikubali kabisa: vipimo vya kupikwa. Kila mtu aliyefanya kazi wodini anavijua. Unafungua chati saa kumi na mbili asubuhi na kitanda cha kwanza hadi cha ishirini wote wana joto la 36.5, mapigo ya moyo 80, upumuaji 20, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule. Aliyeandika si lazima awe mtu mbaya. Huenda aliogopa kuulizwa kwa nini nafasi ziko wazi. Basi waondolee hofu hiyo. Waambie wazi kwamba nafasi tupu yenye maneno “haikupimwa, wauguzi wawili zamuni” haitamletea mtu adhabu, ila namba ya uongo itamletea. Nafasi tupu inamwonyesha daktari wa asubuhi kwamba hapa hakuna anayejua. Namba ya kupikwa inamdanganya kwamba mgonjwa yuko salama.

Mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani lakini hajamaliza bili. Naambiwa asitoke. Je, nimzuie?

Hapana. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa, iliamua kwamba kuwazuia kulikuwa ni kuvunja haki zao za kikatiba. Bili ni deni la kiraia, na hospitali ina njia za kulidai deni kama mdai mwingine yeyote.

Lakini sheria ni jambo moja na lango ni jambo jingine. Askari wa langoni ameambiwa asimpitishe mtu bila hati ya kutokea, na hati inatolewa na keshia, na keshia ana mkubwa wake. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo atakayesema “mimi nimemfunga mtu.” Anayeulizwa ni muuguzi, kwa sababu mgonjwa amekaa kitandani kwake, anakula chakula cha wodi na kumwuliza kila asubuhi, “Sista, leo nitaenda?”

Fanya haya. Usiweke muuguzi kuwa mlinzi. Asiambiwe afiche nguo, asiambiwe achunge mlango wa choo. Rekodi kwenye faili siku na saa daktari alipomruhusu, maana baada ya hapo kila siku ina maswali yake. Mwite afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku mgonjwa anapolazwa, si siku anapotoka, ili maombi ya kusamehewa deni au mpango wa kulipa kidogo kidogo yaanze mapema. Uliza usajili wake wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, tangu 1 Oktoba 2024. Wengi wanakuja hawajajisajili, au wamejisajili bila kumaliza hatua ya kuchangia, na hilo linagundulika bili ikiwa imeshapanda. Halafu mwandikie mkuu wa utawala barua fupi: mgonjwa fulani aliruhusiwa tarehe fulani, bado yuko wodini, naomba maelekezo yako kwa maandishi. Nimeona barua ya namna hiyo ikifungua lango haraka kuliko mabishano. Hakuna anayependa kutia sahihi agizo la kumzuia mtu.

Na anayeletwa kwa dharura bila pesa ya kutanguliza?

Anatibiwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa taasisi iliyokuwa na uwezo ikakataa. Kumpa rufaa kwenda hospitali nyingine kunaruhusiwa baada ya hali yake kutulizwa, si badala ya kuituliza. Ukiwa hospitali ya kibinafsi na mtu wa mapokezi bado anauliza habari za amana huku mgonjwa anahema, shuka mwenyewe umchukue.

Muuguzi wangu amempa mgonjwa dawa isiyo yake. Nimripoti, nimfiche au nimwadhibu?

Mgonjwa kwanza: apimwe, daktari aitwe, mgonjwa au jamaa zake waambiwe ukweli. Hilo halina mjadala.

Baada ya hapo jiulize ni kosa la aina gani. Kuna mtu aliyeteleza: dawa mbili zenye vichupa vinavyofanana, majina mawili yanayofanana, wodi moja. Kuna aliyezoea njia ya mkato ambayo kila mtu wodini anaitumia nawe umekuwa ukiiona ukanyamaza. Na kuna aliyejua hatari akaipuuza. Wa kwanza anahitaji faraja na vichupa vitenganishwe. Wa pili anahitaji kuelekezwa, nawe ujiulize kuhusu ukimya wako. Wa tatu ndiye wa kinidhamu. Ukiwatendea wote watatu sawasawa, mwezi ujao hutasikia kosa lolote, nawe utadhani wodi imetengemaa kumbe watu wamejifunza kuficha.

Mapema 2018 taifa zima lilizungumzia tukio la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambapo mgonjwa mmoja alifunguliwa kichwa badala ya mwingine. Mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Utambulisho wao ulichanganyika, na madaktari waligundua wakiwa tayari ndani ya upasuaji. Waliosimamishwa kazi ni pamoja na daktari wa upasuaji, mtoa ganzi, muuguzi wa wodi na muuguzi aliyempokea mgonjwa chumba cha upasuaji. Vyombo vya habari vilitaka jina la mkosaji. Swali ambalo msimamizi anapaswa kuliuliza kwanza ni lingine: mgonjwa alipita mikono mingapi bila mtu kumwuliza jina lake au kuliangalia kwenye mkono wake? Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa 2008, ina vipengele 19 tu, na uthibitisho wa mgonjwa ni nani uko mwanzoni kabisa. Zaidi ya nusu ya vyumba vya upasuaji nilivyoingia vina karatasi hiyo imebandikwa ukutani. Kuisoma kwa sauti ndiyo kazi.

Ampuli ya pethidini, dawa kali ya maumivu, haionekani kwenye kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa na sheria. Namshuku mwenzangu.

Taratibu. Hesabu ya dawa hizi hufanywa na watu wawili kila kupokezana zamu: ampuli zilizopo, zilizotumika, vigae vya zilizovunjika, sahihi mbili. Dalili ya kwanza ya tatizo si ampuli kupotea. Ni sahihi ya pili kuwekwa na mtu ambaye hakuhesabu, kwa sababu “tunaaminiana.” Dalili ya pili ni mgonjwa ambaye kitabu kinasema amepewa dozi kamili ya maumivu na bado analia.

Mjulishe mfamasia na mkuu wako siku hiyohiyo. Usimpekue mtu mkoba, usimhoji mbele ya wenzake, usitangaze kwenye kundi la WhatsApp la wodi. Kama ni mwenzako na amezoea dawa, yeye ni mgonjwa na pia ni hatari kwa wagonjwa, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Muondoe kwenye funguo kwanza. Msaidie apate matibabu. Ila usimhamishe kimyakimya kwenda wodi nyingine ukajisifu kuwa umemwokoa. Umewapelekea wenzako tatizo bila kuwaambia.

Familia inataka kutushukuru. Bahasha inakubalika?

Mama mmoja anamfuata msimamizi mpaka mlangoni: “Sista, mmetusaidia sana na mzee. Chukueni hii mnywe chai.” Ndani kuna elfu mbili. Ana nia njema, na kumkatalia kwa ukali ni kumvunjia heshima.

Pesa taslimu usipokee, hata mgonjwa akiwa ameshatoka. Aliyelala kitanda cha jirani ameona, na kesho atajiuliza kama naye anapaswa kutoa ndipo apewe dawa kwa wakati. Mwambie, “Asante sana mama, tumepokea shukrani zako. Hii mnunulie mzee matunda.” Keki au kreti ya soda iliyoletwa wazi kwa wodi nzima mimi naiacha ipite, iandikwe na iliwe mchana kweupe. Wapo matroni wanaokataa hata hiyo, na siwalaumu.

Bahasha inayokuja kabla ya huduma, kwa ajili ya kitanda au kusogezwa kwenye foleni, ni hongo bila kumung’unya maneno. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka, katika taasisi ya umma au ya kibinafsi, aripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24 baada ya kujua au kushuku. Wewe sasa ni mwenye mamlaka. Wengi hawajui kwamba sheria inawagusa.

Mtoto wa mgonjwa anasema baba yake asiambiwe kwamba ana saratani.

“Tafadhali sista, mzee akijua atakata tamaa.” Utasikia maneno haya Kiswahili, Kikuyu, Kisomali na Kiluo, na huwa yanasemwa kwa upendo. Sheria ya Afya inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, isipokuwa pale penye ushahidi mzito kwamba kuelezwa kutamdhuru. Huzuni peke yake si ushahidi huo.

Usibishane koridoni. Muulize kijana: mzee mwenyewe ameuliza nini? Mara nyingi ameuliza sana, usiku, kwa muuguzi mdogo, ambaye amejibu kwamba daktari atakuja. Muuguzi huyo ndiye unayemlinda hapa, maana familia imemwachia uongo na daktari amemwachia ukimya. Panga kikao cha daktari, mzee na mtu mmoja ambaye mzee amemchagua mwenyewe. Mzee aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani. Wapo wanaojibu, “Mweleze kijana wangu, mimi nitaambiwa na yeye.” Hilo ni chaguo lake na linaheshimiwa. Tofauti ni kwamba amechagua yeye.

Polisi, mwandishi wa habari au mheshimiwa anataka majina ya wagonjwa.

Tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, majeruhi walifikishwa hospitali za jiji wakiwa na majeraha ya risasi, na hali kama hiyo inaweza kurudi wakati wowote. Kanuni ni moja kwa wote: habari za mgonjwa hazitoki bila ridhaa yake, amri ya mahakama au sheria inayotaka itolewe. Muuguzi wa dawati asiachwe ajibizane na mtu mwenye bunduki. Afundishwe sentensi moja, “Msimamizi ndiye anayejibu,” kisha wewe umpeleke mgeni ofisi ya mkuu wa hospitali, na ombi liandikwe.

Mheshimiwa aliyekuja na kamera kuwapa wagonjwa pole naye anaweza kusalimia bila kamera. Na picha za wagonjwa kwenye simu za wafanyakazi ni hatari kuliko waandishi wote: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti, na uvujaji wenye hatari ya kweli ya kumdhuru mhusika unatakiwa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Mgonjwa anakataa damu kwa sababu ya imani.

Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa, hata kama nyote mnajua mwisho wake. Hakikisha ameelezwa na daktari faraghani, bila wazee wa kanisa wala ndugu chumbani, na kauli yake iandikwe. Mtoto ni habari nyingine: Kifungu cha 53 cha Katiba kinatanguliza maslahi yake, na hospitali inaweza kwenda mahakamani. Mwanasheria wa hospitali aamshwe usiku huohuo.

Wauguzi wametangaza mgomo. Mimi nasimama wapi?

Mgomo wa wauguzi wa 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba. Waliokuwa wasimamizi wakati ule bado wanazungumza habari za kubaki na wodi na wanafunzi. Katiba, Kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaiweka hospitali kwenye huduma muhimu. Mvutano huo umefika mahakamani mara nyingi, na si wewe utakayeumaliza.

Chako ni wagonjwa waliobaki. Notisi ikitoka, anza siku hiyo kupunguza waliolazwa, kuhamisha mahututi na kuahirisha upasuaji unaoweza kusubiri. Zungumza na viongozi wa chama kuhusu timu ya dharura. Mara nyingi wanakubali kama hawahisi unawatega. Usikubali kuandika orodha ya waliogoma kwa ajili ya kulipiza kisasi, na usimlazimishe mwanafunzi kufanya kazi ya aliyesajiliwa. Unaweza kuwaunga mkono wenzako moyoni na bado uingie kazini. Wapo watakaokuita msaliti. Wengine kati yao watakupigia simu usiku wakuulize habari za mgonjwa wa kitanda namba saba.

Muuguzi wangu bora anaomba barua aende Uingereza. Nikiandika nzuri, nampoteza.

Andika nzuri. Tangu makubaliano ya Kenya na Uingereza ya 2021 maombi haya ni ya kawaida, na kuchelewesha barua ili umbakishe ni kumfanya yeye alipie uhaba ambao hakuusababisha. Mtego wa pili hausemwi sana: kumsifu mzembe ili aondoke. Kuna mgonjwa upande ule pia. Andika tarehe, idara, majukumu na yale uliyoyaona; ukikosa la kusifu, usilibuni.

Rafiki zangu wa zamani wananiomba zamu nzuri.

Bandika rosta ukutani, na Krismasi na Idi zizunguke kwa zamu. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani afikiriwe, sababu isibandikwe.

Nimeandika, nimeripoti, hakuna aliyejibu. Niende wapi?

Panda ngazi moja moja, ukitunza nakala zisizo na majina ya wagonjwa: mkuu wa uguzi, mkuu wa hospitali, kisha idara ya afya ya kaunti au bodi. Suala la weledi lipeleke Baraza la Wauguzi. La hongo, Tume ya Maadili. La uonevu wa utawala katika ofisi ya umma, Tume ya Haki ya Utawala. Mwone pia mwakilishi wa chama kabla hujaanza, si baada ya kupata barua ya kujieleza. Mitandao ya kijamii iwe mbali, kwa sababu ukishaweka habari pale, mjadala unahama kutoka kwenye tatizo hadi kwenye kosa lako la kulitangaza.

Naweza kukataa cheo, nirudi wodini?

Unaweza, na si aibu. Andika barua, kabidhi kabati la dawa kwa hesabu ya watu wawili, na umwachie anayekuja faili la barua zote ambazo hazijajibiwa.